Dakika ya Ishirini na Nne

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwako, wewe, shemeji na watoto. Naomba barua hii ikukute mzima, na yale magoti yako yawe yamepunguza ugomvi tangu ulipobadilishiwa dawa. Shemeji naye, kikohozi vipi? Mwambie aache ubishi, asubuhi avae sweta. Mimi mwili ni mzima. Nakula, kazini naenda kila siku, na usingizi unakuja ukijisikia. Ukijiuliza mbona nimeandika barua na simu ninayo, ni kwa sababu kwenye simu wewe huuliza swali la pili kabla sijajibu la kwanza. Haya ninayotaka kukueleza nikikatizwa mara moja tu, sitayarudia tena maisha yangu yote.

Nyumbani ni vile vile ulivyopaacha siku ya mazishi. Chumba cha kaka nimekifagia lakini sijahamisha kitu. Makopo yake ya rangi yako dirishani, brashi nimezisafisha kwa mafuta ya taa kama alivyokuwa akizisafisha mwenyewe. Mwenye duka la viatu alikuja kuuliza bango lake. Nilimwonyesha jinsi lilivyo, neno “VIATU” limekamilika na neno “IMARA” limeishia kwenye herufi ya tatu. Nikamwambia atafute mchoraji mwingine alimalizie. Akasema atalitundika hivyo hivyo. Sasa kila nikipita pale nasoma “VIATU IMA”, na watu wa mtaani wameshaanza kuliita duka lenyewe Ima. Kaka angecheka mpaka akohoe.

Habari ambayo itakushangaza ni kwamba siku hizi naangalia mpira wa miguu. Naam, mimi. Wewe ndiye uliyekuwa ukituamua tulipokuwa wadogo tukigombea redio, kaka akitaka mpira, mimi nikitaka riadha. Unakumbuka maneno yake: watu wazima na akili zao wanakimbia mizunguko ishirini na tano, halafu wanarudi pale pale walipoanzia, si wangekaa tu? Na mimi nilikuwa na jibu langu, kwamba kuna watu ishirini na wawili wanagombea kitu kimoja kwa dakika tisini na wanarudi nyumbani sufuri kwa sufuri. Tumezeeka na utani huo. Mimi ni fundi saa, dada. Ninapenda mchezo ambao mtu akiwahi kwa nukta moja, nukta hiyo inaandikwa, na hakuna wa kubishana nayo.

Baada ya nyie kuondoka, michuano ya mataifa ilikuwa bado inaendelea. Siku ya nne nilifunga kibanda changu mapema nikaingia kwa kinyozi tunayepakana naye, ambaye ana televisheni kubwa ukutani. Wateja wake wote wananijua, na wote wanajua sipendi mpira. Mmoja akapiga kelele kwamba fundi saa kahama timu. Kinyozi akawakemea kwa jicho, akanisogezea kiti. Alidhani nimekuja kumkumbuka marehemu. Nilikuwa na sababu yangu, nitaifikia.

Niliuliza maswali mpaka wakanichoka. Kinyozi alinifundisha kuotea kwa kupanga vitana na makopo ya poda juu ya meza, na mpaka leo sina hakika kama nimeelewa au nimemhurumia tu. Kilichonikera zaidi ni zile dakika za nyongeza. Mwamuzi anaziongeza kutoka kichwani mwake, nne, saba, kama mtu anayeongeza chumvi. Nilimwambia kinyozi kwamba saa ya namna hiyo ikiletwa kwangu naitengeneza. Akasema mpira hauko hivyo, mpira ni kama maisha, hujui umebakiziwa ngapi. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaanza kunyoa kichwa ambacho alikuwa ameshakinyoa.

Ila nilichokuwa nafuatilia hasa si mpira, ni kelele. Nilikaa nimeupa uwanja kisogo nusu, nikiwasikiliza watu. Nikajua kwamba mtu hapigi kelele kwa goli tu. Kuna kelele ya mpira uliogonga mwamba, kuna ya penalti iliyonyimwa, kuna ya kumtukana kocha. Nilifurahi kujua kwamba ziko nyingi hivyo. Mechi baada ya mechi nilizidi kupata matumaini.

Nikuambie na hili, japo naona haya. Kuna siku niliusahau msiba. Timu ndogo, jezi za kijani, ilikuwa imebana mpaka mwisho dhidi ya wakubwa, na golikipa wao, mtu mzima mwenye mvi, akaudaka mkwaju wa penalti. Nilijikuta nimesimama, mikono juu, napayuka kuliko wote. Walipofungwa mkwaju wa mwisho, watu wazima kumi na tano wakabaki wanatazama sakafu yenye nywele. Ndipo nilipoelewa kaka alikuwa akifuata nini huko. Miaka yote nilidhani anafuata ushindi. Na nilipoelewa sikuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa, dada, kaa chini.

Unajua nilivyowaeleza. Niliwaambia kwamba jioni ile nilikuwa nimetoka kumpelekea mteja saa yake, na niliporudi nikamkuta kaka chini mbele ya televisheni. Hivyo ndivyo nilivyomwambia na daktari. Daktari aliniuliza mara mbili, ameanguka lini, ni muhimu sana kujua saa. Nikajibu kwamba sijui, sikuwepo. Mimi, ambaye huwa najua saa hata nikiwa usingizini. Na wewe siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniambia, “Usijilaumu, mdogo wangu. Ungekuwepo ungemsaidia. Hukuwepo.” Maneno hayo ulinipa kwa upendo, na tangu siku hiyo nayabeba kama kaa la moto kwenye kiganja.

Nilikuwepo. Sikwenda popote. Nilikuwa chumbani kwangu, nimelala kitandani na simu kifuani, naangalia mbio za mita elfu kumi. Mechi ya kaka ilianza saa kumi kamili, mbio zangu saa kumi na dakika tano. Kabla ya kufunga mlango tulitaniana kidogo. Alisema nikimaliza kuzunguka nipitie na chai. Nilikuwa nimeweka spika moja tu sikioni, ile nyingine imekufa siku nyingi, kwa hiyo kelele za sebuleni nilikuwa nazisikia vizuri.

Ilipobaki mizunguko saba, wakimbiaji watatu wakiwa wamejitenga, nilisikia sauti ya kaka. Ilikuwa ndefu, ikaishia njiani. Mimi nilichosikia ni “goo”. Kikafuata kishindo, nikadhani amepiga stuli teke kama anavyofanya timu yake ikifunga. Na unajua nilifanya nini? Nilicheka, nikampigia kelele nikiwa pale pale kitandani, “Hongereni!” Nikaongeza sauti ya simu.

Nilimaliza mbio zangu. Nikamwangalia mshindi akizunguka na bendera. Nikasikiliza na mahojiano yake, lugha nisiyoielewa. Nilipotoka kwenda kuchemsha chai ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Alikuwa amelala ubavu, jicho moja wazi linanitazama, mdomo umepinda, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlango wa chumba changu. Alikuwa hai. Alinijua. Mengine unayajua, siku tatu hospitalini, na asubuhi ya nne.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza sana. Daktari aliponiuliza, nilijiona mbele ya watu wote nikiwa nimelala na simu, na mdomo ukajisemea wenyewe. Ukishamdanganya wa kwanza, wa pili anapewa uongo huo huo, na kufikia mazishi nilikuwa nausimulia bila kukwama.

Hiyo ndiyo sababu ya mpira. Nilitaka kujua kwamba alishangilia kweli. Nilijiambia, kama wakati ule palikuwa na goli, au hata mpira uliogonga mwamba, basi kaka alipiga kelele ya furaha na akaanguka baadaye, kimya, na hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Nilikuwa naomba mwamba tu, dada. Hata mwamba ungenitosha.

Wiki iliyopita nilimwomba kinyozi anitafutie mechi ya siku ile kwenye simu yake. Tuliiangalia asubuhi, kabla wateja hawajaja. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Mizunguko kumi na nane kwa mwendo ule ni dakika kumi na tisa na nusu. Ongeza tano za mwanzo. Dakika ya ishirini na nne ya mechi, ikielekea ya ishirini na tano. Tuliitazama. Mchezaji mmoja ameumia kifundo cha mguu, yuko chini, madaktari wanampulizia dawa. Wenzake wanakunywa maji. Golikipa anafunga kamba za kiatu. Nikamwambia kinyozi arudishe nyuma, labda simu yangu ilichelewa. Tukaangalia kuanzia dakika ya ishirini hadi ya thelathini, mara nne. Hakuna shuti, hakuna kona, hakuna hata mwamuzi aliyekosea. Kinyozi, ambaye hakujua ninatafuta nini, alicheka akasema, “Hapa hakuna kitu, fundi. Hapa ndipo na mimi ningeenda kukojoa.”

Niliondoka bila kuaga. Nilifika kibandani, nikakaa mbele ya saa za watu, na ndipo nikaisikia tena ile sauti, safari hii yote. Wewe unajua alivyokuwa akiniita. Toka nilipozaliwa hakuwahi kunitaja kwa jina, hata mbele ya wakubwa wangu wa kazi. Hakusema “goo”, dada. Alisema “Dogo”. Mwanzo wa neno ulikuwa umeshamfia mdomoni, mimi nikapata mwisho wake. Aliniita, na mimi nikampa hongera.

Jana nilikwenda hospitali, nikamtafuta daktari yule yule, nikamwambia ukweli. Nilimuuliza kama dakika zile kumi na tano, pamoja na jibu langu la uongo, ndizo zilizomuua. Hakunigombeza. Alivua miwani, akasema kwamba kiharusi kile kilikuwa kikubwa, huenda zisingebadilisha kitu, na huenda zingebadilisha. Nikamwomba achague moja. Akasema hawezi, angekuwa ananidanganya. Namshukuru kwa hilo.

Hujawahi kunificha kitu tangu mama alipotuacha mikononi mwako, nawe ukiwa binti wa miaka kumi na tisa. Ulitulea wawili, na mmoja hakumfungulia mwenzake mlango. Ilikuwa haki yako kulijua hilo kabla ya watu wengine, nawe umekuwa wa tatu, baada ya daktari na mimi mwenyewe. Sikuandikii ili uniambie kwamba si kosa langu. Ulishaniambia, ila ulimwambia mtu ambaye hakuwepo.

Jumamosi nitapanda basi la kwanza nije huko. Barua hii itakuwa imefika Alhamisi, kwa hiyo utakuwa na siku mbili za kulia na kukasirika bila mimi kukutazama. Sitabisha hodi, wala usiwaambie watoto kwamba nakuja, wasije wakakushawishi. Nitakaa kwenye ile ngazi ya nje. Ukiufungua mlango, nitaingia. Ikipita saa sita mchana haujafunguliwa, nitaondoka na basi la kurudi, na sitakuuliza kwa nini, si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote.

Msalimie shemeji sana. Wabusu watoto, mkubwa mwambie saa yake nimeibadilisha mkanda na nimeifunga ndani ya bahasha hii hii, ili iwafikie hata mimi nisipoingia.

Ni mimi, ndugu yako aliyebaki,

Fundi saa