Mzani wa Muhidini na Video ya Babu

S.L.P. 214,
Katoro, Geita.
5 Machi 2024

Mpendwa Dada Martina,

Shikamoo dada. Anayekusalimu ni fundi ambaye kompyuta za Geita nzima zikisikia nyayo zake zinajiwasha zenyewe kwa heshima. Na hapo niliishia darasa la saba! Ningefika chuo, Wazungu wangefunga viwanda.

Habari za Mtwara? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Na wagonjwa wako wodini, bado wanakuita sista huku wanakununia? Sisi huku mhola tu, salama. Mama anapalilia mihogo. Mguu umepona, mdomo haujawahi kuumwa.

Sasa lile lako. Najua unaisubiri ile video ya marehemu Babu akikutamkia urithi wa ng'ombe sita, ionyeshwe kwenye kikao cha ukoo Jumamosi ya tarehe 23, maana Baba mdogo Mwigulu anaapa kwamba mzee hakusema hivyo, na kwamba mtoto wa kike hana zizi. Simu niliyorekodia ilizama ziwani Nkome, kwa hiyo video ilibaki kwenye kompyuta yangu ya kibandani, basi. Na kompyuta ikaanza kuzimika.

Inawaka, unafungua kitu, pu! Giza. Nikamwita Marcel, yule fundi aliyetundika cheti ukutani kama picha ya harusi. Akainama, akanusa, akatoa hukumu: "Hiki ni kirusi."

Nikamwuliza, "Kaka, kirusi gani kinasubiri karasha la jirani lianze kusaga mawe ya dhahabu ndipo king'ate?" Maana taa zikififia tu, na mashine inakata roho. Umeme mdogo, na pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, mbovu. Hata mbuzi wa Mama angejua.

Akabisha. Akaichomoa pawa saplai, akaunganisha waya mbili, feni ikazunguka, akatabasamu, "Unaona? Nzima." Jamani! Hata mgonjwa mahututi anapepesa macho. Mtwishe gunia uone.

Eti imeandikwa wati mia tano. Maandishi! Katoro hii nani anaamini maandishi? Sisi tunaamini mzani: pawa saplai yenye shaba ya kutosha ndani lazima iwe nzito. Nikaipeleka kwa Muhidini, mnunuzi wa dhahabu. Akaipima, akacheka hadi kofia ikamdondoka: "Dogo, hili bati tupu. Afadhali dagaa." Nikaenda mnadani, nikazinyanyua pawa saplai zote za mtumba moja moja, nikarudi na ile nzito kuliko zote. Mzani wa Muhidini ukainama wenyewe. Marcel na cheti chake wakabaki kukodoa macho.

Nisalimie shemeji Abel, mwambie aache kunenepa. Msalimie na jirani yako Swaumu. Korosho zake zilifika, sikumgawia mtu. Mama anasema Mungu akulinde wewe na wote unaowauguza.

Dada, nimezunguka mno. Ile nzito nilipoifunga, karasha likanguruma, nayo ikalipuka. Moshi kibanda kizima, na diski yenye video ikaungua palepale. Nilipoifumua nikakuta kipande cha zege kimegandishwa ndani ili iwe nzito. Mnunuzi wa dhahabu na fundi wa Geita nzima tumekaa tunapima zege!

Hilo ningelicheka. Lakini asubuhi ile nilipomwita, kabla haijafunguliwa hata skrubu moja, Marcel alinishika mkono: "Januari, karasha limelala. Iwashe sasa hivi, hamisha kwanza video ya mzee kwenye flashi." Flashi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamjibu kwamba huo ni woga wa watu wenye vyeti.

Tarehe 23 nitasimama mbele ya Baba mdogo Mwigulu, niseme nilichomsikia Babu akikutamkia, na niseme nani amekupotezea ushahidi. Watanizomea, wacha wanizomee. Video haipo, dada. Si umeme, si Marcel. Ni mimi.

Mdogo wako akupendaye, ambaye leo hana la kujisifia,

Januari