Haikuwa Salfa, Mama

Shikamoo, Mama. Ni mimi, Somoe wako. Nimekaa barazani kwetu Chiungutwa, kwenye kigoda chako kile kinachoyumba, ulichokataa katakata kitengenezwe. Nina habari yako, na nimechelewa kuileta.

Haikuwa salfa.

Unakumbuka niliporudi kutoka Dar. Madaktari walipitisha waya kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakachoma sehemu zilizoufanya upige ovyo. Moyo ukatulia, nawe ukapika pilau, ukaita majirani. Miezi michache baadaye nikaanza kukohoa, mara damu, mara pumzi inakata nikibeba ndoo. Na ndio kwanza tulikuwa tumemaliza kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Kila mtu akasema kifua changu kimeingia salfa. Ukaamini, maana ni wewe uliyeniita nikushikie mfuko wa dawa, ukanifunga kitambaa puani kwa mikono yako.

"Nimemuua mwanangu kwa mikono yangu," ulimwambia jirani yetu Mama Fatu, ukidhani sisikii.

Msimu uliofuata, wewe ukawafukuza wapulizaji. Ubwiriunga, ule ukungu kama unga, ukaingia, maua yakawa meupe, yakakauka. Watu wakakutania kwamba Mama Somoe siku hizi analima unga. Ukacheka nao. Korosho ulizookota hazikujaza hata ungo. Mikorosho uliyoipanda na marehemu Baba, Mama! Uliiacha kwa ajili yangu.

Kisha homa ikakuchukua. Baada ya arobaini yako, mdogo wangu Hamisi akanirudisha Dar karibu kwa kuniburuta. Huko ndiko walikoona. Pale walipochoma palipona kwa makovu, na makovu yakabana mishipa inayoleta damu moyoni kutoka mapafuni. Damu ikawa haina pa kupita. Wakanipasua kifua, wakaipanua mishipa kwa viraka walivyokata kwenye ngozi laini inayofunika moyo wangu mwenyewe. Wewe na viraka vyako vya kanga, ungeomba uone mshono.

Nilipopata sauti nikauliza, "Daktari, na salfa je?"

"Salfa gani, dada? Salfa haihusiki kabisa."

Nililia mpaka kidonda kikauma. Muuguzi akaniletea dawa ya maumivu. Nikaimeza.

Ulikuwa umeondoka ukiamini ni salfa, Mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifua.

Sasa nateka maji na kurudi bila kupumzika njiani. Leo asubuhi, umande bado haujakauka, Hamisi aliwasha mashine ya kupulizia. Nilisimama mbali, upande upepo unakotoka, nikatazama vumbi la njano likipanda kwenye matawi yako. Mama Fatu alipiga kelele niingie ndani. Unamjua, bado anabisha.

Nakuahidi mikorosho yako haitakosa dawa tena nikiwa hai. Korosho za kwanza nitawakaangia watoto wa madrasa, waje wakuombee dua.

Pumzika sasa, Mama yangu. Mikono yako haikuniua. Ndiyo iliyonifunga kitambaa.

Somoe