Nafasi ya Wakesho Chuoni

Darsait, Maskati
Ijumaa asubuhi

Mpenzi Mghoi, Mama Wakesho,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vyema, goti limepunguza maumivu, na ukungu wa Wundanyi haujakuzuia kuanika mahindi. Mama anaendeleaje na kifua chake? Mwambie asiache dawa eti kwa sababu amepata nafuu. Mimi ni mzima. Vumbi la plasta linanikohoza kidogo jioni, lakini kazi ipo na mwili unaitika.

Leo ni siku ya tisa hupokei simu yangu. Sikulaumu. Siku ile ulipokata nilikuwa sijamaliza kueleza, na najua sauti yangu nayo ilipanda. Nikaona niandike, maana barua haina wa kuikatiza. Nampa mchungaji wetu, anasafiri Jumatatu kuja kumzika shemeji yake huko Voi, na ameahidi kuifikisha. Isome yote, halafu uamue mwenyewe.

Wewe unajua kwamba mwaka jana nilipeleka tanuri ya kuchomea meno kwenye chuo nilichosomea. Hujui ilivyopatikana. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bi Zuwena, mwenye maabara hii ninayotengenezea meno ya bandia. Alikuwa amenunua mpya, na ile ya zamani ilikuwa inangoja watu wa vyuma chakavu. Wakati huohuo chuo kilikuwa kimetuomba sisi tuliosoma pale, tulio huku Ghuba, tusaidie kuandaa karakana ya wanafunzi. Obadia, yule wa kliniki ya Khuwair ya Kusini ambaye ndiye mwenyekiti wetu, kila wiki alikuwa anatukumbusha. Nikamwomba Bi Zuwena. Hakufikiri mara mbili.

"Chukua," aliniambia. "Nimemtolea sadaka marehemu mama yangu. Hao watoto nao wasome."

Ijumaa sita nzima nilikuwa naifungua na kuifunga mpaka ikashika moto sawasawa. Nikaivalisha mablanketi kama mgonjwa, Obadia akatafuta nafasi melini. Ilipofika, chuo kikaweka kibao ukutani chenye jina langu. Nilikutumia picha ukaionyesha kanisani kote. Wala wewe wala mimi hatukuuliza kwa nini jina la pale ni langu.

Kisha Wakesho akaomba kujiunga. Unakumbuka tulivyofurahi jina lake lilipotoka. Ulichinja mbuzi, na Mama akaniimbia kwenye simu. Mimi huku niliwanunulia wenzangu wa nyumba moja samaki, tukala tukashiba.

Wiki moja baadaye mkuu wa chuo alinipigia nikiwa kazini. Alikuwa mchangamfu.

"Bwana Mwakio, sisi hatusahau," alisema. "Ilikuwa imebaki nafasi moja tu. Kulikuwa na msichana wa Kasigau aliyempita Wakesho kwa alama, na kwenye mtihani wa mikono alitushangaza. Lakini kamati ikasema mtoto wa mwenzetu aliyetufanyia makubwa hawezi kuachwa nje. Huyo mwingine tumemwambia ajaribu tena mwaka ujao."

Nilisema asante, Mghoi. Hilo ndilo neno lililonitoka, nikarudi kwenye meza yangu.

Mchana huo nilipanga meno ya juu ya mzee mmoja nikayapinda yote upande wa kulia. Bi Zuwena akayachukua, akayageuzageuza mkononi.

"Mwakio, huyu babu atatafuna kwa shavu moja?"

Nikamwambia pole, nitayarudia. Yeye akavuta kiti akakaa. Ni mwanamke wa maneno machache, aliyezaliwa Unguja akaletwa huku akiwa mdogo, na akikaa namna ile ujue hasimami mpaka umesema. Nikamweleza habari yote.

"Mie ile tanuri nilimtolea mama yangu," alisema. "Wewe umeipokelea nini?"

"Sikuomba kitu, Bi Zuwena. Wamenipa wenyewe."

"Ukakataa?"

Nikanyoosha mkono nichukue yale meno. Bi Zuwena akashusha sauti.

"Sikiza. Nna mtoto injinia. Alama zake hazikutosha, na mie nikampigia simu mtu aliyesoma na marehemu mume wangu. Akaingia, akasoma, akafuzu, leo anajenga barabara. Hapana kilichomharibikia. Kwa hivyo sikwambii kama utapata laana. Lakini mie sikuambiwa aliyeachwa ni nani, na sikuuliza. Wewe ushaambiwa mpaka kwao ni wapi."

Akainuka, akaniambia yale meno yawe tayari kabla ya alasiri.

Usidhani nilikimbilia simu siku hiyo. Nilikaa na jambo hili karibu wiki mbili. Nilikuwa najiambia kwamba Wakesho si mjinga, kwamba alama zilizopungua ni chache, kwamba miaka kumi na moja nimekaa mbali na wanangu na labda hii ndiyo asante ya Mungu kwa upweke huo. Nilipokuwa nakaribia kuyaamini, yule msichana wa Kasigau alikuwa ananirudia, na sura yake siijui.

Ijumaa iliyofuata watu wa kanisa tulikwenda Yiti kununua samaki kwa wavuvi na kuwachoma pale pale ufukweni. Nikamvuta Obadia pembeni, nikamwambia nafikiria kuirudisha ile nafasi.

"Usithubutu," alisema. "Mwakani kijana wangu anaomba. Unafikiri mimi nahangaika na michango kwa sababu gani? Hata vyuo vikubwa vya ng'ambo, mtu aliyesoma pale akichangia, mtoto wake hutazamwa kwanza. Na sisi tusipochangia, huyo wa Kasigau atajifunzia tanuri ipi?"

Kuna ukweli ndani ya maneno yake. Halafu Obadia si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipokuja, akalala chini mwezi mzima ili mimi nilale kwenye godoro lake. Nilikula samaki wangu nikarudi Darsait na watu wengine.

Ndipo nikampigia Wakesho. Ilikuwa ile siku umekwenda kwenye mkutano wa akina mama. Nilimweleza kila kitu.

"Baba, mimi nilijua," akasema.

Akaniambia kwamba siku ya mahojiano walipewa kila mmoja kipande cha sabuni na kisu, wachonge gego. Lake lilivunjika kwenye mzizi. Msichana aliyeketi karibu naye, anaitwa Mkawasi, kwao Kasigau, alimaliza mapema, akamnong'oneza ashike kisu karibu na ncha na akate kidogokidogo. Kwa hiyo jino la pili la Wakesho likasimama. La Mkawasi walimu walipitishiana mkono kwa mkono, mmoja akacheka kwa furaha. Matokeo yalipotoka, Wakesho alilitafuta jina la Mkawasi kabla ya kulitafuta lake, na hakuliona. Alikuwa anakula nyama ya yule mbuzi huku anajua.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningemwambia nani? Nyinyi nyote mlikuwa mnaimba."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akalia kidogo, kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Rudisha, Baba. Lakini usijione shujaa, maana atakayebaki nyumbani akiulizwa na majirani ni mimi."

Kesho yake nilimpigia mkuu. Hakufurahi.

"Unatuaibisha, Bwana Mwakio. Sisi hatujauza kitu. Tumeshukuru tu."

"Najua, Mwalimu. Kushukuriwa nimeshashukuriwa. Naomba Wakesho arudi kwenye foleni mahali alama zake zilipomweka. Na kile kibao mkishushe, tanuri si yangu."

Alisema atapeleka maneno yangu kwenye kamati. Juzi nimepata jibu. Mkawasi ameitwa na ameripoti. Wakesho ni wa pili kati ya wanaongoja nafasi, na wamesema wazi kwamba hawamwahidi chochote. Huenda akaitwa Januari, huenda asiitwe. Obadia ameniondoa kwenye kamati yetu ya wahitimu. Tukikutana kanisani ananipa mkono, basi.

Sasa nije kwetu wawili. Ile siku ulisema nilizungumza na mwajiri, na Obadia, na mtoto, na mkuu wa chuo, na kwamba mtu pekee niliyemruka ni wewe uliyemlea Wakesho peke yako miaka yote hii. Ni kweli, na sina utetezi. Nitakwambia sababu, ingawa hainisafishi. Nilijua ungesema hapana, na nilijua ukisema hapana mimi ningekubali haraka, na ningefurahi moyoni kwamba ni wewe uliyekataa. Nikakukwepa. Hilo ndilo kosa langu kwako, na ndilo ninaloliombea msamaha. Lile jingine siwezi kuliombea msamaha, hata ukinikasirikia mpaka nirudi.

Ninachokuomba, hasira ije kwangu, isiende kwa Wakesho. Akiamka amevimba macho usimuulize. Majirani wakiuliza, waambie baba yake amekosana na chuo. Bi Zuwena amempa Wakesho visu vyake vya zamani vya kuchongea na donge kubwa la nta, mchungaji anavileta pamoja na barua hii. Tumekubaliana kila Ijumaa baada ya ibada nitakuwa namfundisha kwa simu ya picha. Vidole vyake ni vizuri, Mghoi, ila vina haraka kama vyangu nilipokuwa na umri wake.

Msalimie Mama, mwambie wimbo wake haukupotea bure. Msalimie mdogo wangu anayetutazamia mbuzi, na dada yako mwalimu, najua ananisema na ana haki. Wape pole jirani zetu waliofiwa. Mbusu kitinda mimba wetu, mwambie viatu alivyoniandikia nimevipata, rangi ndiyo sina hakika nayo.

Kabla ya kukata simu uliniuliza swali moja. Ulisema, kama mtoto wetu ndiye angekuwa ameachwa kwa ajili ya mtoto wa mtu aliyechangia, ni baba gani wa huko mbali angemkumbuka akapiga simu? Nimelibeba swali hilo siku zote tisa, kwenye meza ya kazi na kitandani. Nimetafuta jibu la kukutuliza sikulipata. Jibu ninaloliamini ni kwamba pengine hakuna ambaye angepiga. Tungekaa pale nyumbani, tungemwambia mtoto ajaribu mwaka ujao, na tusingejua kamwe kwa nini. Najua hivyo, inaniuma kama inavyokuuma, na bado nimepiga.

Mumeo akupendaye,
Mwakio, Baba Wakesho