Viatu vya Qais Sivileti

Konde, Pemba
Jumapili, 4 Mei 2025
Leo mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke Ikwiriri

Mpendwa mpwa wangu Abdulsamad,

Asalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako na mdogo wako Laila. Goti la mama yako linaendeleaje? Mwambie alikande kwa maji ya moto na chumvi, asikae nalo tu akisema litapoa lenyewe. Mimi ni mzima kiasi. Saruji imenila vidole, mgongo unauma nikiinama na unauma nikisimama, na masika ya huku yananyesha kama yamelipwa. Lakini nala, nalala, namshukuru Mungu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Haya siwezi kuyasema simuni. Ungenicheka, nami ningecheka pamoja nawe, tusingefika mwisho. Jabir, mwenzangu wa kazi, anavuka kesho kwenda kwao Mkuranga. Yeye ndiye atakayempa barua hii kondakta wa basi la Ikwiriri.

Hongera tena kwa kazi ya ofisi ya bima. Katika ukoo wetu wewe ni wa kwanza kulipwa ukiwa umekaa kwenye kiti. Uliniambia mmeagizwa mvae suruali ya kadeti au ya kitambaa, shati la kola, tai si lazima, lakini viatu viwe vya ngozi na raba hawataki kuziona. Nami nikakujibu, "Usinunue, mjomba wako ameshapata, viatu vya kamba vya kahawia, ngozi tupu." Neno hilo nalirudisha. Viatu vile sivileti. Naomba unisome hadi mwisho ndipo unikasirikie.

Mwezi wa pili mimi na Jabir tulipata kazi ya kutengeneza kuta za nyumba moja Mgogoni. Ni nyumba kubwa ya zamani, nusu ya bati imekwisha. Mwenyewe ni Bi Shariffa, mama wa Kiarabu wa hapa hapa, anaishi na binti yake Raniya aliyefiwa na mume. Zamani walikuwa na mashamba ya mikarafuu, sasa wana ile nyumba na mbuzi wanne.

Bi Shariffa alikuwa na mwana, Qais, mwenye duka la viatu vya kiume hapa Konde. Alikuwa akinunua mabelo ya mitumba Dar, anachagua vilivyo vizuri tu, anabadilisha soli, anavipaka mafuta, kisha anawauzia walimu, makarani na mabwana harusi. Miaka miwili iliyopita, masika kama haya, alikula chakula cha mchana akatoka kwenda Msuka kumpelekea mteja viatu. Kwa ajili ya tope alivaa kandambili, buti zake akaziacha mlangoni. Msuka hakufika. Walimtafuta siku kumi na tisa, hawakupata hata kandambili.

Huku kwao, kama kwetu, mtu akifa nguo zake na viatu vyake hutolewa sadaka. Lakini Qais hakuzikwa. Watu walipomwambia Bi Shariffa avitoe, aliwajibu, "Mtu yu hai mwamgawia viatu vyake? Akirudi avae nini, miguu yenu?" Basi vikabaki. Viatu vya dukani vilivyosalia vimepangwa kwenye rafu ya chumba cha mbele, na buti zake mwenyewe ziko mlangoni, zimeelekezwa ndani.

Siku ya tatu ya kazi nilikuwa nanawa miguu uani. Bi Shariffa akaniangalia muda mrefu, akasema, "Weye wavaa arubaini na mbili." Hakuuliza, alisema tu. Akanieleza kwamba ngozi isipoingia mguu hukauka na kupasuka, na masika huota kuvu. Yeye hawezi kuvaa, Raniya mguu mdogo. Akaniomba kila siku baada ya sala ya alasiri nivae buti za Qais, nitembee kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, nirudi, mpaka zipate joto. Akasema kazi ikiisha nitachagua jozi moja kwenye rafu, iwe ya mpwa wangu.

Nilikubali mara moja. Nilikuwa nakufikiria wewe. Isitoshe, kutembea kivulini nusu saa si kazi kwa mtu anayeshinda akibeba zege.

Nikiwa natembea alikuwa akinifundisha, na haya uyashike, yatakusaidia. Kiatu nunua alasiri, mguu ukiwa umeshavimba. Bonyeza ngozi kwa kidole gumba. Ikikunjana mikunjo midogo midogo kisha ikarudi, ni ngozi. Isipokunjana, ni plastiki iliyopakwa rangi. Nusa ndani. Tazama soli, uzi uonekane ukizunguka, maana gundi peke yake masika moja haivuki. Kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjika, kile kinachokunjika katikati kirudishe. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea, na vidole viweze kucheza. Wauzaji hukuambia kitatanuka. Hutanuka upana, urefu hapana.

Ncha ndefu iliyochongoka waachie wapiga dansi. Kwa ofisi kama yako, kiatu cha kamba cha kahawia kilichoiva kinakwenda na kadeti ya bluu, ya kijivu, hata ya udongo, na mkanda ufanane nacho. Buti fupi ya kifundo iwe nyembamba kiasi suruali iiangukie bila kupanda juu. Moka ni nzuri Ijumaa, maana msikitini huvuliwa upesi. Ukipata uwezo uwe na jozi mbili, usivae moja siku mbili mfululizo, ijaze magazeti ipumzike. Ikirowa ianike kivulini, jua litaiua.

Basi siku za kwanza buti zilinibana. Nikamwambia. Akasema, "Ngoja, zitakuzoea." Wiki moja tu zikanikaa kama zilipimwa kwangu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, kwani Qais alikuwa akiburura mguu huo kidogo tangu alipoanguka kwenye mkarafuu akiwa mtoto. Jabir ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa tunarudi Konde akaniuliza, "Yakhe, mguu umekuwaje?" Nikamjibu haujawa kitu. Akaniambia, "Mbona waburura? Au Mbara keshakuwa mwana wa nyumba, anatembea kwa madaha?" Tulicheka. Nikanyoosha mguu. Baada ya hatua chache nikausikia tena, shwaa, shwaa, juu ya changarawe, na nilikuwa nimevaa ndala zangu mwenyewe.

Kosa langu nililifanya wiki ya nne. Mzee Silima, jirani, alikuwa akipita njiani nami natembea ndani. Alisimama akaita, "Qais! Ushakuja?" Nilitaka kujibu si yeye, ni mimi kibarua. Nikamtazama Bi Shariffa nikamwonea huruma, nikanyamaza. Bi Shariffa akajibu, "Keshakuja." Mzee Silima akaingia, akanipa mkono, akanijulia hali, akaniuliza na ya safari. Muda wote alikuwa akitazama miguu yangu, hakuinua macho usoni hata mara moja. Alipotoka alisema alhamdulillahi. Abdulsamad, nilipaswa kusema siku ile. Tangu hapo sikuwa na nafasi tena.

Raniya alikuwa mtu wa mzaha. Mwanzoni alinitania, "Jamani mafundi wa bara, mkivaa buti mwafanana na mahakimu." Baada ya siku ile mzaha uliisha. Akawa anapakua chakula sahani ya tatu, yenye ua la buluu, ambayo sisi vibarua hatukuwahi kuiona. Pilipili aliweka pembeni, kwa kuwa Qais hakuwa akiila. Mimi napenda pilipili, wewe wajua. Nikashangaa naisukuma mbali.

Jumatatu iliyopita mvua ilinichelewesha Konde, dirisha la bati tulilokuwa tumelifuata halikuwa tayari. Jabir alibaki kulingoja, nikaenda peke yangu. Nilifika Mgogoni alasiri imeshapita. Nikiwa bado uani nilisikia buti zikitembea ndani ya nyumba. Mlango wa mbele hadi wa uani, kisha zikageuka. Mguu wa kulia ulikanyaga, wa kushoto uliburura. Nilidhani wamepata mtu mwingine, nami nakwambia kweli, niliona wivu. Nikapiga hodi nikaingia. Bi Shariffa alikuwa kwenye mkeka na tasbihi. Raniya alikuwa akichambua mchele. Hapakuwa na mtu mwingine, na buti zilikuwa mahali pake mlangoni.

Nikaingiza mkono ndani. Zilikuwa na joto, zina unyevu wa jasho, kama mguu umechomolewa sasa hivi.

Nikamuuliza Raniya nani alikuwa akitembea. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si weye," akasema. "Umetoka hapa sasa hivi."

Siku ile sikuvaa. Nilisema kifundo kinaniuma. Tulimaliza kupiga lipu Jumatano, na Alhamisi nilikwenda kuaga na kuchukua jozi niliyoahidiwa. Nilikuwa nimeshaichagua, kiatu cha kamba kwenye rafu, hakijapata kuvaliwa na Qais. Bi Shariffa akanyanyua buti zile za mlangoni, akanipa.

Nikamwambia, "Bibi, mimi nilikuwa naomba vile vya rafuni, vya mpwa wangu."

"Vya rafuni ni vya wateja," akasema. "Hivi ni vyako. Viatu vyako mwenyewe waniombea nini?"

"Mimi ni Mabruki, Bibi. Fundi wako. Kwetu Rufiji."

Alicheka, akanipapasa shavu kama mtoto. "Safari imekuchosha," akasema. Raniya naye kutoka jikoni akasema, "Mwache ende, mama. Si hurudi kila alasiri?"

Nilitoka mikono mitupu. Ndala zangu nilizoziacha kizingitini hazikuwepo. Sikuuliza. Nilikwenda Konde miguu mitupu, tope hadi vifundoni, na njia nzima nilikuwa nahesabu hatua zangu ili mguu wa kushoto usiburure.

Jana asubuhi Jabir alifungua mlango wa chumba chetu akaniita. Buti zilikuwa kizingitini, zimeelekezwa ndani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na uwanja mzima ni tope, lakini soli zilikuwa kavu na safi. Jabir aliapa hakuzileta yeye, nami namjua, hana uongo wa namna hiyo. Hakunitania. Alikwenda kununua tikiti yake ya boti.

Nilizifunga kwenye mfuko wa saruji, nikapanda gari la abiria hadi Mgogoni, nikaziweka barazani kwa Bi Shariffa. Sikupiga hodi. Nilikuwa nimeshageuka niliposikia sauti yake ndani, na yeye hakuweza kuniona, dirisha lilikuwa limefungwa. Akasema, "Karibu, mwanangu." Nikasikia hatua zikiingia ndani. Mimi nilikuwa nimesimama uwanjani, Abdulsamad. Sikugeuka kutazama. Nilikimbia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

Sasa unaelewa. Huenda ungevivaa viatu vile ukapendeza, na mkuu wako akakusifu. Lakini siku ambayo ungeanza kuburura mguu mbele ya mama yako, mimi sitaki kuiona. Nilijaribu kukupatia kitu kizuri bila kukinunua, na nilimwacha mama mwenye msiba aniite jina lisilo langu kwa sababu ya jozi ya viatu. Hilo ni langu, namwomba Mungu anisamehe. Wiki hii nitakwenda kwa imamu wa hapa nimweleze, na nimwombe afuatane nami kwa Mzee Silima nikamwambie kwa kinywa changu kwamba aliyempa mkono hakuwa Qais.

Wasalimie wote. Mama yako Mwanakhamis mwambie kaka yake anamkumbuka. Mjomba Bakar mpe salamu, na Laila mwambie nimempatia kanga. Shangazi yako Moza mwambie asinisome vibaya, nitamtembelea. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akulinde uingiapo ofisini na utokapo.

Mimi nimeshaacha kazi nyingine niliyokuwa nimepewa huku, nangoja tu malipo yangu ya mwisho wa mwezi. Nitaingia Ikwiriri Jumatano, tarehe 4 Juni, kabla ya Idi Kubwa, kwa basi la mchana. Wewe waanza kazi tarehe 16, nafasi ipo, tutakwenda Dar pamoja tukakununulie viatu vipya ambavyo havijaingia mguu wa mtu. Nitakuja na ndala za plastiki, za kijani, nimezinunua leo. Nitasimama nje, nitapiga hodi, na sitaingia mpaka uje unione miguu. Kabla ya siku hiyo, ukisikia kiatu cha ngozi barazani alasiri, mguu wa kushoto ukiburura, hata sauti ikiwa yangu, hata mama yako akifurahi, mshike mkono, na asiwepo wa kusema karibu.

Mjomba wako anayekupenda,
Mabruki