Kinyozi Aliyekuwa Akisema Sikioni

Ni mwaka sasa, Baba, tangu mashine ya kunyolea ilipokudondoka mkononi, ikabaki inaunguruma peke yake sakafuni na mteja kanyolewa upande mmoja. Mwaka mzima! Na habari zimejaa hapa mpaka Kasuku wako, aliyepewa kalamu na familia aandike kumbukumbu yako hii ya gazetini kwa sababu mdomo wake haujawahi kulala, hajui aanzie wapi.

Haya, aanzie chuo cha uuguzi. Kamaliza, Baba! Siku ya mwisho, aliposimama mbele ya walimu, aliulizwa kwa nini wanaume hawaji kupima presha. Wenzake walitaja umbali, wakataja uhaba wa dawa. Yeye akajibu, "Kwa sababu hakuna anayewaambia sikioni." Walimu wakatazamana. Ikabidi aeleze habari zako, na alipomaliza, mwalimu mmoja alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Aliwaeleza kwamba muuguzi wa zahanati, yule mama wa zamani, alikuletea kipimo cha presha kwa kuwa kila mwanaume wa mtaa huu, apende asipende, ipo siku atakalia kiti chako. Kila mteja ulimfunga shuka shingoni, ukamgusa bega. Akitikisa kichwa kukubali, ulipitisha mkanda wa kipimo chini ya shuka, ukaubana mkononi, ukawasha mashine ya kunyolea ili ile ya presha isisikike. "Sasa usiongee, nitakukata." Hata wasemaji wakubwa walinyamaza kama maji mtungini! Waliokaa kwenye benchi waliona mtu ananyolewa tu. Ukifika kwenye sikio ndipo unainama na kumwambia namba zake. Zikiwa mbaya, unaongeza, "Kesho asubuhi nakupeleka zahanati mwenyewe. Tukiulizwa, tunakwenda kununua wembe."

Mama alikuwa anakuuliza, "Wembe gani huo unanunuliwa kila siku na ndevu za watu ziko palepale?" Wewe unacheka kile kicheko chako cha puani. Hukumwambia, hata yeye. Tulijua siku ya mazishi, wanaume walipopanga mstari kumpa pole, mmoja baada ya mwingine anamwinamia: "Mama, na mimi nilikwenda kununua wembe." Mama alihesabu hadi thelathini akashindwa.

Baada yako, zahanati ilileta meza hapa barazani, na muuguzi mgeni. Binti mzuri, mchapakazi, ila sauti, jamani! "Mia na tisini kwa mia na kumi! Presha gani hii?" Benchi zima likageuka. Ilikuwa ya fundi viatu. Akainuka, akasema anakuja sasa hivi. Siku ya pili walikuja watu wawili. Siku ya tatu meza ilikaa peke yake. Fundi viatu tumeshamzika, Baba. Na dereva wa lori la mchanga naye. Wote walikuwa wako, wote ulikuwa umewapeleka, dawa wakiwa wanameza. Walipokosa wa kuwauliza "Umemeza?" wakaacha.

Na wewe je? Wewe nani alikupima?

"Kinyozi hajinyoi," ulipenda kusema, na kila Jumapili ya pili mdogo wako mmoja, ndugu pekee aliyejua siri ya kipimo, alikuja kukunyoa chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Wadogo zako ni watatu, hatusemi ni yupi. Ile Jumapili ya mwisho ulishika ukuta ulipoinuka. Akachukua kipimo rafuni, akasema, "Kaka, leo na wewe." Ukamjibu, "Wewe nyoa." Mdogo mtu atabishana na kaka mkubwa? Akanyoa. Tulikuzika hata nywele hazijaota.

Sasa habari yenyewe ndiyo hii. Mwezi uliopita mdogo wako huyo naye alishika ukuta. Vidole vimetanuka, macho kayafumba, vilevile kama wewe. Mkewe anasema kisogo kinamgonga usiku na mchana.

"Baba mdogo, kaa nikupime."

"We mtoto! Juzi tu nilikuwa nakufuta makamasi, leo unipime?"

"Basi twende zahanati."

"Nikanadiwe kama mbuzi?"

"Nani basi akupime? Sema wewe, nimlete."

Akatazama viganja vyake. "Nilikuwa na kipimo mkononi, Kasuku," akasema. "Mkononi. Nikanyoa."

Siku hiyo Kasuku aliinuka akaenda zake. Alirudi siku ya pili, ya tatu, akapiga magoti, akalia, akamletea na bibi yetu, mama yenu mwenyewe. Hataki. Anasema kama kaka yake alikwenda bila kupimwa, yeye ni nani. Tumejaribu kila mlango, Baba. Tumebakiwa na huu wa gazeti.

Kwa hiyo sikia. Kasuku kajifunza kunyoa. Usicheke! Kichwa cha kwanza kilikuwa cha kaka yake, kikatoka kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Wiki mbili alilala na kofia. Sasa mkono umetulia. Muuguzi mgeni naye tulimkalisha kwenye benchi lako, tukamweleza habari za sikio. Alilia yule binti. Alikuwa hajui kwamba sauti yake ndiyo iliyowafukuza. Kila jioni anakuja kujifunza kunong'ona, na bado hajaweza vizuri, lakini mashine ya kunyolea inamsaidia.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, tunafungua kibanda chako. Shuka ni lilelile. Kiti tumekipangusa.

Na kuna mtu gazeti hulifungulia ukurasa huu wa marehemu kwanza, eti aone nani kamtangulia. Baba, mwambie kosa halikuwa lake. Uliyekataa ni wewe, na kwa hilo tunakulaumu, tunakupenda na tunakulaumu. Mwambie hatalazimika kusema neno, kutikisa kichwa kunatosha. Mwambie atakuwa wa kwanza, kabla benchi halijajaa. Tukiulizwa, tulikwenda kununua wembe.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anakuwekea kiti mezani, mkeo, wanao, Kasuku na kaka yake mwenye kofia, wote wa benchi la kusubiri, na wadogo zako watatu. Watatu, Baba. Mwakani tukiandika tena, tunataka tuandike watatu.

Wewe tutakukumbuka daima. Wa pili wa kumkumbuka hatumtaki.