Pembe Kwanza, Uso Baadaye

Jumanne, 4 Machi

Nimempeleka shemeji maabara, pamoja na dada, mkewe. Kiharusi kimechukua ulimi na mikono yake, kikaacha macho. Mtafiti — binti mpole, raba nyeupe — anafunga chini ya skrini mashine ya kufuatilia macho. Shemeji akionyesha kwamba anatambua anachokitazama, ataingizwa kwenye majaribio ya kuandika kwa macho. Asipoonyesha, basi.

Leo ni kufunga tu. Kidevu kwenye kiegemeo. Jua linaivuruga mashine — pazia. Miwani inang'aa — vua. Ukope wa kushoto umelegea. Mtafiti akaubandika juu kwa plasta. Dada akasema tangu aolewe naye hajamwona akitulia hivi mbele ya mwanamke. Tukacheka. Hata yeye, nadhani. Shavu moja.

Nimekikumbuka chumba cha giza cha kusafishia picha, pale gazetini tulipofanya kazi. Harufu kali ya dawa, taa nyekundu. Yeye mhariri wa picha, ndani. Mimi mlangoni na habari yangu. Fanya haraka, shemeji! — Subiri, uongo wako hauozi!

Alhamisi, 6 Machi

Kupima. Nukta inahamahama kwenye skrini, yeye anaifuata. Sawasawa! Mtafiti akapiga makofi.

Kisha picha za familia. Doa jekundu linaonyesha anapotazama. Watu wengi, anasema mtafiti, huenda usoni kwanza. Shemeji akaenda pembe ya juu. Pembe ya pili. Chini. Chini tena. Harusi yake mwenyewe — pembe! Muda ukaisha, picha ikaondoka kabla hajaufikia uso wowote.

Mtafiti akaipima mashine upya. Haina kasoro. Akasema taratibu kwamba huenda mzee anaona ila hatambui. Dada akauliza: hata mimi?

Nilikuwa nimefika ngazini nilipokumbuka. Pale gazetini shemeji alimkaripia kila mpiga picha mpya hivyo hivyo: Anza pembeni! Uso hauendi popote. Mguu wa mpita njia ndio utakaotuaibisha!

Nikarudi mbio, nikamweleza mtafiti. Hakubisha. Kesho picha zitakaa muda mrefu, na atachanganya nyuso za watu baki. Akanionya: asipowatofautisha na wake, matokeo ni yale yale.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia gotini. Watu baki watatu wamepita. Pembe nne, uso, akahama upesi. Wote.

Sasa ni picha ya dada, kabla ya uchumba, kwenye ngazi za kiwanda cha uchapaji. Gauni la mistari. Shemeji ndiye aliyeipiga. Siku ile nilibeba taa yake, na alinifokea hadi nikamwambia amtazame binti wa watu kwa macho yake, si kwa kamera.

Pembe ya juu. Ya pili. Chini kulia kuna kiwiko changu, nusu. Aliapa atanikata pichani, hakunikata. Doa limeganda hapo. Limeganda! Dada ananong'ona: mwache huyo, njoo huku.

Limeondoka. Linapanda gauni, mstari kwa mstari. Limefika kolani. Mtafiti ameinua kidole tunyamaze.

Picha bado ipo. Dada amevua mtandio, anajitengeneza nywele.