Jina Moja kwenye Fomu ya Pensheni

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Nimepiga pasi suti ya mwalimu wa Nyundo. Nimejaza fomu ya michango ya pensheni. Mwajiri: mimi. Mfanyakazi: mimi. Nimejikata mshahara bila kunung'unika, bosi mpole kabisa. Kalisto, fundi wangu tangu niliporudi nyumbani kutoka Bukoba, amejaribu kutunga uzi mara nne. Nikamwambia sindano imemnunia. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Oktoba
Daktari amesema macho ya Kalisto hayatarudi. Ndiyo basi cherehani. Inauma. Nimemkumbusha mapatano yetu. Tulipofungua duka niliweza kulipia michango ya pensheni ya jina moja tu. Nilitaka liwe lake. Akakataa: "Andika yako, patron. Mi niko muzee, ile pesa itanikuta kaburini." Tukapatana kugawana pensheni yangu. Kesho nitauliza ofisi ya pensheni kama sehemu yake inaweza kutoka sasa.

Ijumaa, 8 Oktoba
Haiwezi. Mama wa dirishani amesoma fomu zangu zote taratibu, kama barua ya msiba. "Papa, mutu hawezi kujiajiri mwenyewe." Mpango ule ni wa wanaolipwa mshahara. Mwenye duka huomba kwa fomu nyingine, ya hiari. Sikuomba. Michango yangu yote ni batili. Nikauliza: kama ningeandika jina la Kalisto? "Huyo angekuwa na kitu chake leo."
Nimetembea hadi Rubona bila sababu, nikarudi. Mjinga wa miaka hamsini na moja.

Jumanne, 12 Oktoba
Watanirudishia nilichotoa. Nitampa Kalisto chote. Hakitamfikisha mbali. Nimemweleza kila kitu. Nilitaka anitukane. Akasema, "Bon. Kumbe ule mufanyakazi wako alikuwa hewa." Tukacheka wote wawili. Nikaenda uani, nikalia.

Jumatano, 3 Novemba
Binti yake amekuja kumchukua. Atakaa kwa binti na mumewe, Nyundo. Mzee mzima kula sahani ya mkwe wake! Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, si giza. Kalisto ameniomba nisiende kumtembelea kwanza. Nimeitikia. Ningeitikia lolote.

Ijumaa, 5 Novemba
Nimefungua peke yangu. Mvua asubuhi. Mteja wetu wa Goma ameuliza fundi yuko wapi. Nimesema amestaafu. Amefurahi kweli. Ameacha salamu, eti apumzike vizuri, amefanya kazi sana. Nimemshukuru. Nimempima kiuno na mabega.